Pikipiki za mtindo wa zamani Nyanda za Juu Kusini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hapa nimekusanya maswali wanayouliza zaidi watu wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe wanaotaka kununua pikipiki ya mtindo wa zamani, pamoja na wale ambao tayari wanayo na inawasumbua. Nimejibu nikiitazama milima yetu, baridi yetu na mafundi tulio nao, maana ushauri mwingi unaosambaa unafaa watu wa tambarare. Jambo moja litajirudia sana: huku kwetu pikipiki inapimwa inaposhuka, si inapopanda.

Pikipiki ya mtindo wa zamani ni ipi hasa?

Ni ile yenye taa ya mbele ya duara, tanki la mviringo, siti bapa, rimu za spoku, na injini iliyo wazi ambayo mapezi yake ya kupozea unayaona. Mwendeshaji hukaa wima, hainami. Kwa huku kuna makundi mawili.

La kwanza ni zile za zamani kweli. Vijijini bado utakutana na Honda XL125, Yamaha DT125, Yamaha AG100 na Suzuki TF125, pikipiki walizotumia mabwana shamba, misheni na watu wa afya. Mjini kuna Vespa chache ambazo wenyewe wanazitunza kwa wivu.

La pili ni pikipiki mpya zilizopewa sura ya zamani: Royal Enfield Classic 350 na Bullet 350, Honda CB350 ya India, Kawasaki W175, na kwa mwenye mfuko mnene, Triumph Bonneville. Katika hizi, Royal Enfield ndiyo yenye ukoo mrefu. Jina la Bullet lilianza kutumika Uingereza mwaka 1932, pikipiki hiyo ikaanza kuunganishwa India mwaka 1955, na mpaka leo inatoka kiwandani.

Kuna pia vijana wanaochukua pikipiki ya Kichina yenye injini ya CG, wakabadilisha siti, taa na tanki. Wapo wanaowacheka. Mimi siwacheki hata kidogo. Injini ya CG ilibuniwa na Honda miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki hubeba mizigo mizito na hupelekwa gereji kwa nadra. Valvu zake husukumwa na fimbo badala ya kuendeshwa na cheni ndefu inayolegea. Historia yake ni ya kweli, na karibu kila fundi kuanzia Mbalizi hadi Mafinga anaifahamu vizuri.

Ninunue ipi basi?

Jibu linategemea swali moja: ikilala gereji mwezi mzima, utafikaje kazini? Kama huna usafiri mwingine, nunua yenye injini ya CG au nyingine ambayo spea zake zipo mkoani kwako. Kama una usafiri mwingine na roho yako iko kwenye Yamaha ya mwaka 1985, nunua hiyo na uiheshimu umri wake. Royal Enfield 350 mpya iko katikati: ni imara, lakini spea nyingi utaziagiza, na kusubiri ni sehemu ya kuimiliki.

Spea zitapatikana?

Usikubali jibu la muuzaji. Kabla hujalipa, andika orodha ya vitu vinavyochakaa: waya wa klachi, breki shuu, ringi za pistoni, gasketi ya kichwa, plagi, bearing za magurudumu, cheni na sproketi. Zunguka nayo soko la Mwanjelwa pale Mbeya, au mtume mtu wa Kariakoo, uone vinapatikana vingapi. Nusu ya orodha ikikosekana, bei ya pikipiki hiyo ni kubwa kuliko uliyotajiwa.

Lakini usikate tamaa upesi, kwa sababu vitu vingi vinavyoitwa "spea za Honda" au "spea za Suzuki" ni vya kawaida vyenye namba. Bearing ina namba pembeni, kwa mfano 6202 au 6301, na bearing ya namba hiyo itaingia hata ukiinunua duka la pampu za maji. Sili ya oili imeandikwa vipimo vyake vitatu: tundu la ndani, upana wa nje na unene. Plagi nayo ina herufi zake. D8EA ya NGK inaingia kwenye CG125 na ndugu zake wengi. Mwambie mwenye duka, "Kaka, naomba ya namba hii," uache kutaja jina la pikipiki, na utashangaa vinavyopatikana. Bushi za shaba huchongwa na mafundi wa mashine wa mjini, ilimradi uwapelekee ile ya zamani hata kama imekwisha, wapate kipimo. Pistoni hutengenezwa pia kwa saizi za kuongezea: milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Silinda iliyochimbika bado ina maisha ikichongwa vizuri.

Nikaguaje pikipiki ya zamani kabla ya kuinunua?

Fika asubuhi, na mwambie muuzaji mapema kwamba asiiwashe. Gusa injini. Kama ina moto, rudi siku nyingine, kwa sababu injini iliyokwisha huwaka vizuri ikishapashwa na hugoma ikiwa baridi.

Piga kiki taratibu kwa mkono kabla ya kutumia mguu. Unatakiwa usikie ukinzani, kisha unaachia, kisha ukinzani tena. Kiki ikishuka laini bila kushika, compression, yaani mgandamizo ndani ya silinda, imekwisha. Ikiwaka, tazama moshi. Wa bluu kwenye injini ya stroku nne maana yake oili inapita kwenye ringi au kwenye sili za valvu. Kwenye stroku mbili kama DT au TF, moshi kidogo ni kawaida kwa sababu oili huchomwa pamoja na petroli.

Kisha iegemeze kwenye stendi kubwa, tairi la mbele liwe juu. Geuza usukani kulia na kushoto polepole. Ukisikia kijiwe katikati, kama unakwama kidogo kila unaponyooka, bearing za shingo zimeliwa. Shika ncha za shokapu za mbele uzivute na kuzisukuma; mchezo wowote hapo ni kazi. Nenda nyuma, shika mkono wa gurudumu ulioshikilia ekseli, usukume pembeni. Huko ndiko bushi huisha, na ndiko watu wengi hawaangalii. Pikipiki ambayo mkono wa nyuma unacheza hutikisika kwenye kona wakati wa kushuka, yaani pale usipotaka kabisa itikisike.

Mwisho, chukua spana ndogo ugonge spoku moja moja. Iliyokaza hutoa mlio mkali, iliyolegea mlio mzito. Mbili tatu zilizolegea hukazwa. Zikiwa nyingi upande mmoja, rimu imepinda au imeshapigwa.

Niangalie nini kwenye karatasi?

Namba ya chasisi na namba ya injini zilingane na kadi, herufi kwa herufi. Zisome mwenyewe kwenye chuma, usisomewe. Muuzaji awe ndiye aliyetajwa kwenye kadi, au awe na uthibitisho wa kuaminika wa jinsi alivyoipata. Andikeni mkataba wa mauziano kwa mwanasheria, kisha nendeni TRA kuhamisha umiliki, wote wawili mkiwa na TIN. Usikubali ile ya "tutahamisha baadaye". Baadaye huyo mtu atahamia Sumbawanga na simu haitapatikana.

Pikipiki nyingi za zamani huku zilikuwa za serikali au za miradi, zikiwa na namba za ST au DFP. Hizo ni nzuri mara nyingi kwa sababu zilitunzwa na kutumika kwa kazi. Lakini hakikisha kuna karatasi ya kuuzwa kwake kihalali, na kama iliingia nchini kwa msamaha wa kodi, kodi hiyo iwe imelipwa. Bila hivyo utabaki na chuma kizuri kisichoweza kupata namba ya binafsi.

Leseni ya bodaboda inatosha kuendesha Classic 350?

Tazama daraja lililoandikwa. A1 ni ya pikipiki ndogo zisizozidi cc 125. Classic 350 ina cc 349, kwa hiyo unahitaji daraja A. Bima ni lazima, na kiwango cha chini kabisa ni ile ya mtu wa tatu. Ukishakatiwa, ihakiki mwenyewe kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kwa namba ya pikipiki, maana stika bandia zipo. Leseni ya usafirishaji ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, haikuhusu kama hubebi abiria kwa malipo.

Injini ya zamani itaiweza milima yetu?

Itaiweza, ila usitegemee nguvu uliyoisoma kwenye karatasi. Hewa ya huku ni nyepesi. Kwa makadirio, kila unapopanda mita 300 injini ya kawaida hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu zake. Mbeya mjini ni takriban mita 1,700. Nguvu za farasi 20 za Classic 350 huwa kama 16 au 17 hapa, na ukifika Kitulo, mita 2,600 kwenda juu, karibu robo imepotea. Kinachosaidia ni kwamba injini hizi huvuta kwa mizunguko midogo. Classic 350 hutoa nguvu yake kubwa ya kuvuta injini ikizunguka mara 4,000 tu kwa dakika, kwa hiyo mlima wa Igawilo utaupanda kwa gia ya tatu bila kelele.

Shida halisi ni kabureta. Hewa imepungua lakini jeti, kile kitundu cha kupimia petroli, inapitisha petroli ileile, na mchanganyiko unakuwa mzito. Utaona moshi mweusi, utasikia injini inabwia ukivuta resi, na mafuta yataisha upesi. Pikipiki iliyosetiwa Dar es Salaam mara nyingi hufika Iringa ikiwa na dalili hizi, na mwenyewe hudhani imeharibika njiani.

Namna ya kuhakikisha ni kusoma plagi. Ipashe injini moto, panda mlima mrefu usio na magari mengi kwa gia ya tatu na resi imevutwa. Kisha, kwa wakati mmoja, bana klachi na uzime injini, uegeshe pembeni. Usiache ikae silensa, yaani ingurume taratibu bila resi, maana silensa itachafua ushahidi. Fungua plagi kwa kitambaa na utazame kauri iliyozunguka ncha ya kati. Rangi ya chai ya maziwa ni nzuri. Masizi meusi makavu yanayotoka kwa kidole: mchanganyiko mzito. Nyeupe kama chokaa: mwepesi, na huo ni hatari kuliko mzito kwa sababu unachoma pistoni.

Ikiwa ni nyeusi, kwanza safisha kichujio cha hewa, kwa sababu vumbi letu jekundu huleta dalili hizohizo. Ikiendelea, ndani ya kabureta kuna sindano yenye klipu. Inua klipu mkato mmoja ili sindano ishuke, ujaribu tena. Ikibaki nyeusi, weka jeti kuu ndogo kwa namba moja. Andika ulichobadilisha na ukae na jeti ya zamani, kwa sababu ukienda kukaa Kyela au pwani itabidi uirudishe. Pikipiki za injeksheni, zisizo na kabureta, zina kihisi kinachopima hewa na kujirekebisha, huna la kufanya.

Nishukeje milima na breki za dramu?

Swali hili nalijibu kwa kirefu, kwa sababu ndilo linaloua watu.

Tukuyu na Kyela zimepishana zaidi ya mita 1,000 kwa wima. Pikipiki na watu wawili, jumla tuseme kilo 250, ikishuka mita 1,000 inazalisha nishati ya kutosha kuchemsha lita 7 za maji ya bomba. Sehemu yake inachukuliwa na upepo na tairi. Iliyobaki lazima iende mahali, na mahali ni pawili tu: injini, au breki. Dramu ndogo ya chuma haiwezi kumeza joto hilo lote. Inapopata moto inatanuka, inazikimbia breki shuu zilizo ndani, na lainingi, ile sehemu ya shuu inayosugua dramu, inaanza kuteleza. Utabana mkono, utakanyaga mguu, breki zitashuka hadi mwisho na pikipiki haitapunguza mwendo. Harufu ya kuungua utaisikia kabla ya hapo. Ukiisikia, simama wakati bado unaweza kusimama, na usimwagie dramu maji; iache ipoe yenyewe.

Kwa hiyo iachie injini ikubebe. Kanuni tunayofundishana ni kushuka kwa gia ileile ambayo ungepandia mlima huo. Ingiza gia hiyo juu, kabla kona hazijaanza, si katikati ya mteremko. Funga resi, acha injini ilie. Mlio huo mkubwa hauidhuru mradi haipiti kikomo cha mizunguko yake. Breki zitumie kwa vipindi: bana kwa nguvu ya kutosha, punguza mwendo, achia kabisa zipoe, kisha rudia. Kushika breki kidogo kidogo bila kuachia, kuanzia juu hadi chini, ndiko kunakozipika.

Kushuka frii, gia ikiwa imetolewa, kwa kuokoa mafuta usikufanye kamwe. Kwanza hutaokoa chochote kwenye pikipiki ya injeksheni, kwa sababu resi ikifungwa kwenye gia hukata petroli. Pili umeitupa breki yako kubwa kuliko zote.

Wenye stroku mbili wana neno lao la ziada. DT, TF na AG100 hazishiki sana kwa injini, na oili yake huingia pamoja na mafuta. Ukifunga resi kwa muda mrefu huku injini inazunguka kwa kasi, pistoni inapanda na kushuka ikiwa karibu kavu. Kila baada ya muda mfupi vuta resi kidogo, uilishe. Na shuka polepole kuliko wenzako, bila aibu.

Barabara ya Chimala kwenda Matamba, ile ya kona 57, usiipeleke pikipiki ambayo hujaikagua breki wiki hiyo. Kagua hivi: breki ikiwa imebanwa, mkono mdogo wa chuma pale kwenye dramu na waya au fimbo yake vifanye pembe mraba au pungufu. Ukiona umepita mraba, shuu zimekwisha hata kama bado zinashika. Fungua gurudumu, toa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu bila kulipuliza usoni, na kama lainingi imekuwa laini na inang'aa, isugue kwa msasa hadi irudi kuwa butu. Paka grisi kidogo mno kwenye kemu inayopanua shuu. Ikigusa lainingi, umeharibu yote.

Na mlima Kitonga?

Kitonga nishauri jambo moja zaidi ya hayo: usijibanze kati ya lori na ukingo. Malori ya Zambia na Kongo yanayoshuka pale nayo yanapigana na joto la breki zake, na dereva aliye juu hakuoni ukiwa ubavuni mwake. Ikiwezekana ipite pale asubuhi, lami ikiwa kavu. Dizeli iliyomwagika kwenye kona ni telezi kuliko matope, na mvua ya kwanza huifanya ienee.

Asubuhi haiwaki. Tatizo ni nini?

Makete, Njombe na Mafinga mwezi wa Juni na Julai, tatizo mara nyingi ni baridi tu. Petroli haigeuki mvuke vizuri, oili imekuwa nzito, na betri imepungua nguvu. Vuta choki yote, usiguse resi, piga kiki mbili tatu swichi ikiwa imezimwa ili oili izunguke, kisha washa swichi na upige moja ya nguvu. Ikishika, punguza choki taratibu. Usiondoke nayo hapohapo kwa kasi. Acha dakika moja au mbili. Ikiendelea kugoma, toa plagi uikaushe, maana umeshaimwagia petroli.

Oili gani?

Ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, na iwe na alama ya JASO MA au MA2. Klachi ya pikipiki nyingi inaogelea ndani ya oili ya injini. Oili ya gari ya kupunguza msuguano huifanya klachi iteleze, utasikia injini inalia mlimani lakini mwendo hauongezeki. Injini ya kupozwa kwa hewa haina rejeta. Oili nayo husaidia kubeba joto lake. Usicheleweshe kuimwaga.

Spoku na tubu hazitanisumbua kwenye panchari?

Zitakusumbua kuliko rimu za mchongo zisizo na tubu. Beba tubu, vyuma viwili vya kutolea tairi, pampu ndogo na spana ya ekseli yako, na ujifunze kubadilisha ukiwa nyumbani, kwenye jua, si Isyonje kwenye ukungu. Kwa upande mwingine spoku hustahimili mashimo kwa kunepa, na iliyokatika hubadilishwa yenyewe, ilhali rimu ya mchongo ikipasuka imekwisha.

Nivae nini?

Helmeti inayobana mashavu na yenye kioo, hata kama ile iliyo wazi ndiyo inayopendeza na pikipiki ya sura hii. Koti zito la ngozi au la turubai. Mwanjelwa kwenye mitumba hupatikana mazuri kwa mwenye subira. Glovu, na buti linalofunika kifundo. Koti la mvua liwe la vipande viwili, suruali na jaketi. Lile la kujifunika kama shuka hupeperuka na linaweza kunaswa na cheni.

Mvua zetu huanza Novemba hivi na kuendelea hadi Aprili au Mei, na Rungwe haijali kalenda. Wakati wa ukungu, taa za pikipiki za volti 6 kama XL125S ya zamani hazitoshi kabisa. Usisafiri nayo usiku, vaa kizibao kinachoakisi mwanga, na usifunge balbu kubwa kuliko uwezo wa mfumo wake, maana utaua koili.

Mimi ni mwanamke mfupi, na wananiambia Classic 350 ni nzito. Ni kweli?

Uzito wake ni kilo 195, dhidi ya takriban 120 za Boxer. Huo ni uzito wa kweli ukiisukuma au ikilala. Lakini siti iko milimita 805 kutoka chini, na uzito wenyewe uko chini karibu na barabara, kwa hiyo ikishaanza kutembea unausahau. Jaribu mambo matatu kabla ya kununua: kuitoa stendi, kuirudisha nyuma kwenye mwinuko mdogo, na kuiinua ikiwa imelala kwa kuipa mgongo na kusukuma kwa miguu. Ukiyaweza, dada yangu, inunue. Maneno ya watu wa kijiweni yasikuzuie.

Nataka kukata fremu na kutoboa bomba. Ushauri?

Badilisha vinavyorudishika: siti, usukani, taa, madigadi. Fremu iache. Mchomeleaji wa mageti hodari sana bado si mchomeleaji wa fremu, na ufa wa hapo huonekana siku ya kuanguka. Bomba lililokatwa hubadilisha pia mchanganyiko wa kabureta, na linawaamsha wagonjwa na watoto wa mtaa mzima. Ukibadilisha rangi au injini, taarifu TRA ili kadi isomeke sawasawa na pikipiki.

Safari za kwanza niende wapi?

Kutoka Iringa mjini, Isimila ni jirani na njia yake ni rahisi. Nguzo zile za mchanga zinatosha kuwa sababu ya kwenda. Kutoka Mbeya, panda barabara ya Chunya asubuhi, simama pale juu utazame bonde la Usangu, urudi bila kushuka upande wa pili mpaka uzijue breki zako. Ukishazijua, nenda Tukuyu kwa chai na ndizi, upitie Daraja la Mungu kwenye mto Kiwira. Njombe hadi Makete ni ya siku yenye jua. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005 na maua yake hutoka wakati wa mvua, yaani wakati njia zake za udongo zinateleza zaidi, kwa hiyo ulizia hali ya barabara na taratibu za TANAPA kabla ya kuondoka. Ruaha kwa wanyama, nenda na gari.

Nimeinunua Dar. Niilete kwa kuiendesha?

Ikiwa mpya, bado inahitaji kuzoeshwa, na barabara ile hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800 yenye malori mengi, wanyama wanaokatiza Mikumi, na Kitonga ukiwa umeshachoka. Ikiwa ya zamani, hujui hata bearing zake. Ipakie kwenye lori, ifungwe kwa mikanda kwenye fremu na siyo kwenye usukani, petroli ipunguzwe. Ikifika, fanya ukaguzi wote nilioueleza juu, mwaga oili, kaza spoku, rekebisha kabureta. Ndipo uanze safari zako.

Naweza kumpakia mwanangu?

Mtoto ambaye miguu yake haifiki kwenye vikanyagio vya nyuma asipande. Anayefika apate helmeti ya saizi yake, si ya kwako iliyofungwa kwa leso. Na mkiwa wawili, ongeza upepo wa tairi la nyuma kama kitabu kinavyoelekeza, na ukaze springi za shokapu hatua moja, la sivyo taa ya mbele itatazama juu na mkono wako wa breki utakuta tairi la mbele limekuwa jepesi.